Ngwe ya Kibarua na Masharti Yake

Katika lugha yetu ya Kiswahili liko neno moja fupi ambalo vijana wengi wa siku hizi hawalitumii, nalo ni ngwe. Ngwe ni kipande cha ardhi kilichopimwa ili mtu mmoja akilime. Lakini ngwe pia ni kamba, na wazee walipotaka kumgawia mtu sehemu yake ya kulima waliinyosha kamba juu ya ardhi. Basi kipande na kamba iliyokipima vikaitwa kwa jina moja. Neno hili litatufaa sana katika insha hii, kwa maana nataka kueleza historia ya ngwe za Uingereza, yaani vile vipande vidogo ambavyo watu wasio na ardhi hukodi ili walime chakula cha nyumbani. Mwenye kuitazama historia hiyo vizuri ataona kuwa habari kubwa haikuwa udongo. Habari kubwa ilikuwa kamba: nani aliishika, nani aliandika masharti, na mlimaji mwenyewe alikuwa na neno gani katika masharti hayo.

Kwanza yafaa tujue ngwe hizo zilivyo. Msafiri apitaye kwa gari la moshi pembeni mwa mji wa Uingereza huona, kando ya reli au nyuma ya safu za nyumba, uwanja mpana uliokatwa-katwa kwa vijia vyembamba. Kila kipande kina matuta yake ya viazi, kabeji, vitunguu na maharagwe, na mara nyingi kina kibanda cha mbao cha kuwekea sepeto na toroli. Ukubwa wa kawaida wa ngwe moja ni mita za mraba 250 hivi, yaani sehemu moja katika kumi na sita ya ekari. Kwa kawaida ardhi ni mali ya baraza la mji au la kijiji. Mlimaji hulipa kodi kila mwaka, hutia sahihi hati ya masharti, na hupewa namba ya kipande chake. Nyumba yake haipo hapo. Huja na jembe lake jioni au siku ya mapumziko, hulima, huzungumza na majirani, kisha hufunga lango na kwenda zake.

Ngwe hizo zilianza kwa hasara. Hapo kale vijiji vingi vya Uingereza vilikuwa na ardhi ya wote. Mtu maskini aliyekuwa na ng'ombe mmoja aliweza kumlisha huko, aliokota kuni huko, na bata wake waliogelea katika bwawa la huko. Ardhi hiyo haikuwa yake kwa hati, bali alikuwa na haki ya kuitumia kwa desturi ya miaka mingi. Kisha wenye mashamba makubwa, wakitaka kulima kwa njia mpya na kupata faida zaidi, waliomba Bunge liwape idhini ya kuizungushia ua. Tangu mwaka wa 1604 hata mwaka wa 1914 Bunge lilipitisha zaidi ya sheria 5,200 za namna hiyo, na ardhi iliyohusika ilikuwa kama ekari milioni 6.8, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja katika tano ya nchi yote ya Uingereza. Kilimo kiliongezeka, hilo halina shaka. Lakini yule mwenye ng'ombe mmoja alimwuza ng'ombe wake, na tangu siku hiyo akawa kibarua ambaye hana kitu ila mikono yake miwili.

Hawakukosekana watu waliouliza swali la kale kuliko sheria zote: ardhi iliumbwa kwa ajili ya nani? Katika mwezi wa Aprili mwaka wa 1649, miezi michache baada ya Waingereza kumwua mfalme wao Charles wa Kwanza, kikundi kidogo cha maskini kilipanda kilima cha St George's Hill katika jimbo la Surrey, kikaanza kulima ardhi ya wote na kupanda karoti na maharagwe. Kiongozi wao mmojawapo alikuwa Gerrard Winstanley, aliyekuwa mfanya biashara wa nguo kabla ya kufilisika. Alifundisha kwamba dunia ni hazina ya watu wote. Wenyeji wenye mali waliwachukia. Walivunja vibanda vyao, wakaikanyaga mimea yao, wakawashitaki mahakamani. Wakahamia Cobham, karibu na hapo, na kufika mwaka wa 1650 jambo lao lilikuwa limekwisha. Watu hawa walikuwa na majembe, mbegu na imani, lakini hawakuwa na sheria yo yote ya kuwalinda. Mimea yao ilikanyagwa na mtu ye yote aliyetaka kuikanyaga.

Miaka mia na sitini ilipita ndipo mbegu nyingine ikaota mahali pengine. Katika kijiji cha Great Somerford, jimboni Wiltshire, ardhi ilikuwa inazungushiwa ua kama kwingineko. Kasisi wa kijiji hicho, Stephen Demainbray, aliomba kwamba kabla ya ardhi yote kwenda kwa wenye mali, sehemu yake itengwe kwa ajili ya maskini wa kijiji. Ombi lake lilikubaliwa, na katika mwaka wa 1809 maskini hao walipata bustani zao. Bustani hizo zingali zinalimwa, na hutajwa kuwa ndizo za kale kuliko zote za namna hiyo zilizodumu katika Uingereza. Kasisi huyu hakuzuia ua usizungushwe. Alichofanya ni kuhakikisha kwamba haki ya maskini inaandikwa katika hati ile ile iliyoandika haki ya tajiri, na kwa sababu iliandikwa, ikadumu.

Wenye mali wengi hawakumwiga upesi. Waliloshindwa kufundishwa na huruma walikuja kufundishwa na hofu. Katika mwaka wa 1830 vibarua wa mashamba katika jimbo la Kent, waliokuwa wakipata ujira mdogo na ambao kazi yao ya majira ya baridi ilikuwa imechukuliwa na mashine za kupura nafaka, waliinuka wakazivunja mashine hizo na kuchoma miganda ya nafaka. Moto huo ulienea katika majimbo mengi ya kusini. Serikali iliwashika watu wengi. 19 walinyongwa, na zaidi ya 400 walipelekwa uhamishoni Australia, ambako wengi wao hawakurudi tena. Lakini moto ukiisha kuzimwa, wenye akili huuliza ulianza wapi. Basi baada ya mwaka huo makabaila na makasisi wengi walianza kuwakodisha vibarua vipande vidogo vya ardhi, mara nyingi robo ekari au pungufu yake. Walifikiri kwamba mtu mwenye viazi vyake shambani hatapenda kuona shamba likichomwa. Kufika mwaka wa 1873 ngwe hizo zilikuwa zaidi ya 200,000.

Hapa ndipo tunapokutana na masharti ya kwanza, na msomaji ayapime mwenyewe. Katika mahali pengi mpangaji alilazimishwa kulima kwa sepeto tu, wala asitumie plau. Hakuruhusiwa kufanya kazi siku ya Jumapili. Mahali pengine alitakiwa ahudhurie kanisani, na akikosa aweza kunyang'anywa ngwe. Mtu aliyepatikana na hatia ya kuiba au ya kuwinda wanyama wa kabaila alipoteza ngwe yake pamoja na kupata adhabu ya mahakama, hivyo akawa ameadhibiwa mara mbili kwa kosa moja. Na mahali pengine masharti yalisema kwamba kibarua asiiguse ngwe yake katika saa za kazi ila kwa ruhusa ya bwana wake. Mara nyingi kodi aliyotozwa kwa ekari ilizidi ile aliyolipa mkulima mkubwa kwa shamba lililopakana naye.

Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kibarua huyu hakuwa mgeni. Babu zake walizaliwa katika kijiji kile kile, na ardhi ile babu zake waliitumia bila kuomba. Lakini sasa alifungwa kamba mguuni kana kwamba amefika jana. Masharti hayo hayakuwa na lengo la kuilinda mimea wala kuwapatanisha majirani. Yalikusudiwa kumtawala mtu mzima katika mambo yake yote: ibada yake, mwenendo wake na nguvu za mikono yake. Ngwe ilikuwa sadaka, na mwenye kutoa sadaka aweza kuirudisha mfukoni wakati wo wote.

Hata hivyo haki yatudai tuseme upande wa pili. Ngwe yenyewe, pamoja na kamba yake, iliwafaa vibarua sana. Robo ekari iliyolimwa vizuri iliweza kuipa familia viazi vya miezi mingi. Maganda na mabaki yalimlisha nguruwe, na samadi ya nguruwe iliurutubisha udongo, nao udongo ukatoa viazi vingine. Mke na watoto walifanya kazi pamoja na baba, na katika majira ya baridi, wakati ujira ulipokatika, chakula kilikuwapo nyumbani. Ndiyo sababu wakulima wakubwa wengi walizipinga ngwe. Walisema kibarua ataweka akiba ya nguvu zake kwa ajili ya jioni, na ya kwamba ataiba mbegu za bwana wake. Zaidi ya hayo, ingawa hawakulisema kwa sauti kubwa, waliogopa kwamba mtu mwenye chakula chake hataitikia upesi kila aitwapo.

Bunge nalo lilijaribu kuingia katika jambo hili. Sheria ya mwaka wa 1845 iliagiza kwamba kila ardhi ya wote inapozungushiwa ua, sehemu ifikiriwe kwa ajili ya maskini wenye kufanya kazi. Maneno hayo yalikuwa mazuri. Lakini wenye kuamua ni kiasi gani kitengwe hawakuwa maskini wenyewe. Basi kutoka mwaka huo hata mwaka wa 1869 ardhi iliyozungushiwa ua ilipata ekari 615,000 hivi, na katika hizo zote maskini walitengewa ekari 2,200 hivi tu. Maana yake ni kwamba katika kila ekari 280 maskini wote kwa pamoja walipata ekari moja. Sheria ilikuwapo, walioitia mkono ni wale wale wasiotaka itimizwe.

Kamba ilianza kubadili mikono siku ile kibarua alipopata kura. Katika mwaka wa 1884 sheria iliwapa haki ya kupiga kura wanaume wengi wa mashambani, na mara moja wagombea wa Bunge wakaanza kuzungumza habari za ardhi. Mmoja wao alikuwa Jesse Collings, aliyejulikana kwa wito wa kumpa kila kibarua ekari tatu na ng'ombe mmoja. Katika mwezi wa Januari mwaka wa 1886 alileta bungeni hoja kwamba serikali imewasahau vibarua katika jambo la ngwe. Hoja yake ilishinda, na serikali ya Lord Salisbury ikaanguka. Ni nadra katika historia kusikia kwamba serikali ya dola kubwa iliangushwa kwa ajili ya bustani ya viazi! Mwaka uliofuata, yaani 1887, ilipitishwa sheria iliyowataka wakuu wa mitaa watafute ardhi ya ngwe pale inapohitajiwa. Katika mwaka wa 1894 vijiji vikapewa mabaraza yake ya kuchaguliwa. Kisha katika mwaka wa 1908 sheria zote za jambo hili zilikusanywa katika sheria moja, ambayo vifungu vyake vingi vinatumika hata leo.

Sheria hiyo ya 1908 yastahili kusomwa kwa makini. Ilisema kwamba watu sita wenye haki ya kupiga kura, au walipao kodi ya mtaa, wakiandika pamoja kueleza kwamba ngwe zinahitajiwa, baraza ni lazima lilifikirie ombi lao. Na baraza likiona kwamba haja ipo, ni lazima litoe ardhi. Watu sita tu! Hawakutakiwa kuvunja mashine wala kuchoma nafaka. Walitakiwa kuandika barua. Sheria hiyo pia ilitaja masharti yanayoweza kumwondoa mpangaji: akikaa siku 40 bila kulipa kodi aliyopaswa kulipa, au akivunja kanuni za ngwe, aweza kupewa ilani ya mwezi mmoja. Hapa msomaji alinganishe masharti haya na yale ya kabaila. Sheria haimwulizi mpangaji kama alikwenda kanisani. Yamwuliza mambo kama haya: umelipa, na umelima kwa kanuni?

Vita Kuu ya kwanza ya dunia, iliyoanza mwaka wa 1914, iliipa ngwe heshima mpya. Nyambizi za Wajeremani zilizizamisha meli zilizoleta chakula Uingereza, na nchi iliyozoea kula ngano ya mbali ikalazimika kuutazama udongo wake yenyewe. Mwishoni mwa mwaka wa 1916 serikali iliwapa wakuu wa mitaa uwezo wa kuchukua viwanja visivyotumika na kuwagawia watu wavilime. Kufika mwaka wa 1918 ngwe zilikuwa kama milioni moja na nusu. Lakini vita ilipokwisha wenye viwanja walivitaka virudi kwao, na wapangaji wengi waliambiwa waondoke katika udongo walioutia samadi kwa mikono yao. Malalamiko yao ndiyo yaliyoleta sheria mbili nyingine. Ya mwaka wa 1922 ilieleza ngwe ni kitu gani: kipande kisichozidi robo ekari, ambacho mwenyewe hukilima kwa ajili ya mboga na matunda ya kuliwa na yeye na jamaa zake, tena ilimpa mpangaji haki ya kupata ilani na fidia ya mazao yake. Ya mwaka wa 1925 ilikataza baraza kuuza ardhi iliyonunuliwa kwa ajili ya ngwe, au kuitumia kwa kazi nyingine, bila idhini ya Waziri.

Faida ya ulinzi huo ilionekana upesi, kwa sababu baada ya muda mfupi uhitaji ulirudi. Katika mwaka wa 1926, wachimbaji wa makaa ya mawe wa Wales walipokuwa hawana kazi wala ujira, Wakristo wa madhehebu ya Quaker walianza kuwapa mbegu na zana ili walime ngwe, na msaada huo ukaenea kwa watu wengine wasio na kazi. Katika Vita Kuu ya pili wito wa serikali ulikuwa kuchimba ardhi kwa ajili ya ushindi. Mboga zilipandwa katika bustani za starehe za London, na hata katika handaki kavu lizungukalo ngome ya kale ya Tower of London. Ngwe zilizidi tena milioni moja. Vita ilipokwisha, sheria ya mwaka wa 1950 iliongeza muda wa ilani hata miezi 12, na mwisho wa ilani hiyo usiangukie katikati ya majira ya kilimo, ili mtu aliyepanda avune. Sheria hiyo hiyo ilimruhusu mpangaji afuge kuku majike na sungura kwa matumizi yake, asifanye biashara. Jogoo hakuruhusiwa, na ye yote aliyewahi kuamshwa na jogoo wa jirani ataifahamu hekima ya wabunge.

Sasa tufikie jambo ambalo limeleta ugomvi mwingi kuliko jogoo, nalo ni watu wawili kushirikiana katika ngwe moja. Sheria ya 1908 inakataza mpangaji kumkodisha mtu mwingine ngwe yake. Mwanzoni makatazo haya huonekana kuwa ya ukali. Tuseme mzee mmoja amelima ngwe yake miaka 20, na sasa mgongo unamwuma. Jirani yake kijana hana ardhi. Mzee amwambia, "Mwanangu, chukua nusu ya chini, ulime, na kodi tugawane." Kijana ashukuru, ang'oe magugu, atie samadi, apande miche ya matunda ambayo haizai mpaka mwaka wa tatu. Wote wawili wamefaidika, na udongo umefaidika kuliko wote. Kosa liko wapi?

Kosa halionekani mpaka siku mzee afapo au aachapo kulima. Siku hiyo mwandishi wa ngwe hufungua daftari, naye huona jina moja tu. Kijana hayumo. Katika orodha ya wangojao wamo watu waliotangulia kuomba, na aliye wa kwanza katika orodha hiyo huitwa. Huyu naye amengoja miaka kadhaa kwa subira, wala hana habari ya miche ya kijana. Kijana akilalamika kwamba ameonewa, yule aliyengoja aweza kusema vile vile, na neno lake lina nguvu zaidi kwa sababu limeandikwa. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Nao waliongeza, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena tukilitazama katazo hilo kwa jicho la historia, tutaona kwamba linamlinda maskini. Kama kila mpangaji angeweza kumkodisha mwingine, watu wachache wenye fedha wangejipatia ngwe nyingi na kuwatoza wengine kodi ya juu, na kabaila tuliyemfukuza mlangoni angerudi kwa dirishani. Kwa hiyo mabaraza na vyama vingi havikukataza ushirika wenyewe. Viliutafutia njia ya wazi. Njia ya kwanza ni kuandika majina mawili katika hati moja, na hapo wote wawili huwa wapangaji, wote hudaiwa kodi, na magugu ya mmoja huwa kosa la wote wawili. Njia ya pili ni kuikata ngwe iwe nusu mbili, kila nusu na namba yake na mwenyewe. Njia ya tatu ni kumwandikisha yule wa pili kuwa msaidizi, aweza kuingia langoni na kulima, lakini ajue tangu siku ya kwanza kwamba hana urithi. Kila njia ina faida na hasara zake. Hasara kubwa kuliko zote humpata yule asiyeuliza yuko katika njia ipi.

Na masharti mengine ya ngwe, je? Mtu mvivu huyaona kuwa utitiri wa makatazo: usiache magugu yakatoa mbegu, usiwashe moto unaofukiza majirani, usiache mpira wa maji ukimimina bila mtu, usijenge kibanda kupita kipimo, usipande mti utakaotia kivuli juu ya tuta la mwenzako, usiache kijia kikafungika, wala usiondoke bila kufunga lango. Lakini ayatazame tena moja moja, na kila mahali aulize: sharti hili lamlinda nani? Magugu hayajui mpaka. Mbegu yake hupeperushwa na upepo usiku, na asubuhi huota kwa jirani. Maji ni ya bomba moja. Lango likiachwa wazi kwa ajili ya mmoja, mwizi huwaingilia wote. Sharti la kabaila lilimlinda kabaila dhidi ya mlimaji. Masharti haya humlinda mlimaji mmoja dhidi ya uzembe wa mlimaji mwingine, na kesho humlinda huyo mwingine dhidi yake.

Si kwamba leo kila kitu kimekuwa chema. Baada ya vita watu wengi walipata kazi nzuri na chakula cha bei rahisi, wakaziacha ngwe. Serikali iliunda halmashauri ya uchunguzi chini ya Profesa Harry Thorpe, na katika taarifa yake ya mwaka wa 1969 ilionekana kwamba zilizobaki zilikuwa kama nusu milioni, na kama sehemu moja katika tano ya hizo haikuwa na mlimaji. Mabaraza mengi yaliona viwanja hivyo kuwa mahali pa kujengea nyumba. Halafu mwanzoni mwa karne ya 21 mambo yaligeuka. Watu wa mijini walizitamani tena ngwe, orodha za wangojao zikawa ndefu, na katika miji mingine mtu hungoja miaka mingi. Uchache huo umezidisha uzito wa kanuni. Pale ardhi inapotosha, makosa ya jirani husamehewa upesi. Pale isipotosha, kila magugu yasiyong'olewa hutazamwa na macho ya watu kumi wanaongoja nje ya lango. Ndipo uaminifu wa mkaguzi na uwazi wa daftari vinapokuwa na thamani kuliko samadi.

Basi msomaji kijana, usidhani kwamba historia hutengenezwa na wafalme na majemadari peke yao. Kipande cha mita 250 kiliangusha serikali, kililisha miji iliyozungukwa na nyambizi, na kiliwafundisha watu wa kawaida jinsi ya kukaa pamoja juu ya ardhi isiyowatosha. Walioanza kwa kulima bila sheria, mimea yao ilikanyagwa. Waliolima chini ya sheria ya bwana wao walishiba, ila walishiba huku wameinama. Waliofuata walilima chini ya sheria waliyoitafuta kwa kura zao na barua zao, nao wakasimama wima, jembe mkononi, wakijua kipimo cha haki yao na kipimo cha wajibu wao.

Ukipewa ngwe yako siku moja, iwe katika shamba la shule, la chama cha ushirika au la ukoo, yatazame masharti yake kabla hujainua jembe. Uliza ni nani aliyeyaandika, yanamlinda nani, na jina lako liko wapi katika daftari. Ukiona sharti lisilo la haki, tafuta wenzako watano, mwandike barua. Na ukiona kwamba sharti ni la haki, litii hata siku ambayo hakuna akuonaye, kwa maana upande wa pili wa kamba hiyo yuko jirani yako, naye amepanda.